Saa Nane ya Pili

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kuamkia Jumapili,
treni ya usiku iendayo Hamburg
imesimama Wendelrode, stesheni ya benchi moja
na mashine ya kahawa iliyokwisha kufa.
Haijaharibika. Hakuna mti ulioangukia reli.
Imewahi, basi.

Maana ilipogonga saa tisa Ujerumani nzima ilirudi saa nane,
na treni, isiyoruhusiwa kuitangulia ratiba,
inairudia saa ileile
kama mtoto aliyekariri darasa.

Wahenga walisema wakati ni ukuta.
Huku wameutoboa mlango:
Machi wanatoka mbio, kifungua kinywa mkononi,
Oktoba wanarudi wakinyata, viatu kwapani.
Mimi, niliyefunzwa kuhesabu saa tangu jua lichomoze,
huitafsiri kila saa mara mbili.
Usiku huu nimeacha.

Roswitha Teichert, kondakta, anapita na chupa ya chai.
"Mwaka wa kumi na tisa huu," anasema.
"Saa hii nalipwa. Ile ya Machi hawanikati.
Anayetaka kuifuta asije kuomba kura yangu."

Mzee wa kitanda cha chini anataka kiangazi cha kudumu:
jua la jioni, bustani yake ya kukodi nyuma ya reli,
vitunguu vyake.
Detlef, dereva wa basi la shule, anaketi kitako.
"Na Desemba? Watoto wanisubiri gizani mpaka saa tatu na nusu,
kwa ajili ya vitunguu?"
Bunge la Ulaya lilikwisha kupiga kura waache.
Kilichowashinda ni wabaki na saa ipi,
na hapo kila nchi ikavutia ngozi kwake,
kama hawa wawili, kama blanketi hili la treni.

Dirishani, Ilka Brandhorst hajavua koti tangu Passau.
Muuguzi wa zamu alimwambia jana, njoo mapema.
Akapiga hesabu: mabadilisho, teksi, lifti, ghorofa ya nne.
Saa hii haikuwamo.
"Hatuwezi kwenda tu?"
"Tukienda sasa, tutafika kabla ya wakati."
"Ndicho ninachotaka."
Roswitha anatazama taa nyekundu mbele ya injini,
anammiminia chai asiyoiomba.

Simu inaita.
Ndiyo. Ndiyo, ni mimi.
Saa nane na dakika arobaini, anasema muuguzi, usingizini.
Kisha anasita, karatasi zinasikika:
"Samahani. Kwa ajili ya cheti. Ni nane ya A.
Usiku huu zipo mbili, tunatakiwa tuandike ipi."

Ilka anainua macho kwenye saa ya jukwaani.
Saa nane na dakika kumi.

Hakulia. Aliinuka, akashuka, akasimama
chini ya ile saa nyeupe, chai mkononi,
na hakuna aliyemwita, hata Roswitha.
Tulielewa polepole, mmoja baada ya mwingine:
kwa saa ile pale juu
mama yake alikuwa na nusu saa nzima.

Na ishirini.
Detlef akavaa viatu, akavivua tena.
Na thelathini.
Mvua ndogo, ile isiyofika chini.
Na thelathini na tisa,
mshale mkubwa ukatulia pale
kama mtu mlangoni aliyesahau alilotaka kusema,
kisha ukaruka.

Ilka akamwaga chai relini, akapanda.

Mniulize sasa kama tuendelee kuzichezea saa au tuache.
Nilikuwa na jibu nilipopanda, nalo lilikuwa na takwimu.

Saa tisa, ya kweli hii, taa ikageuka kijani.
Mzee wa vitunguu akahamisha mkoba wake
ili Ilka anyooshe miguu,
akauliza, kwa sauti ya chini sana,
kama kuna mwenye sukari.